Delphine wa Kwanza

Katika parokia ya Saint-Alphée, ukingoni mwa Mto Saint-Laurent, ukimwita Marie kanisani benchi zima linageuka. Kila msichana hubatizwa Marie kwanza, kila mvulana Joseph, kisha hufuata jina la mama au baba wa ubatizo, ndipo huja lile ambalo mtoto ataitiwa chakula. Delphine Thibierge alikuwa Marie Eulalie Delphine. Hayo mawili ya mwanzo alitamkiwa mara moja tu, akiwa na maji kichwani, na padri aliyeyatamka alikwisha kufa zamani.

Tangu utotoni Delphine alijua kwamba hata hilo la tatu halikuwa jipya. Kabla yake alikuwepo Delphine mwingine, aliyezaliwa vuli moja na kufa, wakasema, kabla ya Krismasi. Mtoto akifa, jina lake halikuachwa kaburini, lilimsubiri atakayefuata. Ndugu zake wawili waliokufa wachanga, Ludger na Aimé, nao majina yao yalirudi, wakaitwa wengine waliokua, wakaoa, wakahamia Montréal. Hakuna aliyeona ajabu. Delphine alilivaa jina la dada yake kama watoto wa pale wanavyovaa koti la aliyetangulia, bila kuuliza lilikuwa la nani.

Sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Hakuwa ameolewa. Alifundisha shule ya kijiji mpaka ilipofungwa, halafu akabaki na mama yake, Alphonsine, katika nyumba ileile ya mbao alimozaliwa, akimpikia, akimwogesha, akimsomea matangazo ya vifo gazetini, maana Alphonsine alipenda kujua nani katangulia.

Mwaka ule ukoo ulikuwa ukijiandaa kukutana kiangazi. Babu wa kwanza, Mathurin Thibierge, alivuka bahari na jeshi la mfalme wa Ufaransa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Jeshini kila askari alibandikwa jina la utani, na yeye wakamwita Sanschagrin, yaani Asiye na Majonzi. Alipoacha bunduki akashika shoka, majina yote mawili yalimfuata msituni: Thibierge aitwaye Sanschagrin. Wajukuu wakayagawana kama walivyogawana mashamba. Wengine wakabaki Thibierge, wengine wakawa Sanschagrin, na ndugu wa tumbo moja wangeweza kuzikwa kila mmoja na jina lake. Ndiyo maana ilitakiwa mtu wa kukaa chini na kuwaunganisha tena, na kazi hiyo alipewa Delphine, kwa sababu hakuwa na watoto na alikuwa na mwandiko mzuri.

Mwenyekiti wa shughuli yenyewe alikuwa binamu yake, Rosaire Sanschagrin, muuza nyama, mtu mnene mwenye sauti ya kuuza hata wakati wa kuungama. Alikuwa ameagiza bamba la shaba litakalopigiliwa kwenye ukuta wa kanisa, likiwa na majina ya kila tawi. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imefika madirishani, Delphine aliingia dukani kwake akiwa na wasiwasi.

"Rosaire, nimeshindwa kumpata dada yangu."

"Dada yupi? Wewe una dada?"

"Yule wa kwanza. Nimetembea makaburini kote. Ludger yupo, Aimé yupo, yeye hayupo. Padri kanifungulia vitabu. Ubatizo wake upo. Maziko hayapo."

Rosaire aliendelea kukata mbavu za nguruwe. "Binamu, mimi nina wafu mia nne kichwani, wengine hata majina yao hayajulikani kama ni Thibierge au Sanschagrin, na wewe unaniletea kichanga kimoja?"

"Ni dada yangu."

"Hata hukumwona!"

"Nina jina lake."

"Basi andika: alifariki akiwa mchanga. Fundi wa shaba anataka majina wiki hii. Nani atakuja kubisha? Yeye?" Akacheka mpaka mkewe, Jeannine, akachungulia kutoka nyuma. "Unajua tatizo lako, Delphine? Ungeolewa na mtu hai, wafu wangekuacha."

Delphine aliandika. Alimwachia karatasi pale kwenye kaunta, akarudi nyumbani, lakini jambo lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jioni, mama yake akiwa amekaa karibu na jiko akimenya viazi, alimwuliza kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anauliza chumvi iko wapi.

"Mama, Delphine alizikwa wapi?"

Kisu cha Alphonsine hakikusimama. "Muulize baba yako."

Baba yake, Onésime, alikuwa kaburini tangu zamani.

Aliyebaki wa kizazi kile alikuwa Shangazi Eulalie, dada mdogo wa baba, ambaye ndiye pia mama wa ubatizo wa Delphine. Alikuwa akiishi mjini Rivière-du-Loup, katika nyumba ya wazee inayotunzwa na masista, na alikuwa akijulikana huko kwa mambo mawili: ulimi wake, na kuiba katika karata. Delphine alimkuta dirishani akicheza peke yake, na hata hivyo akiiba.

"Umekonda," Eulalie alimpokea. "Mama yako hakulishi?"

"Ana miaka sabini na minane, Shangazi. Mimi ndiye ninayemlisha."

"Basi hujilishi. Kaa. Changanya."

Delphine alichanganya karata, akagawa. Walicheza kidogo. Kisha akauliza lile swali lililomleta, Delphine wa kwanza alizikwa wapi. Eulalie aliweka karata zake mezani zikiwa zimefunuliwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu.

"Kwani Alphonsine kafa?"

"Hajafa."

"Ningejua kafa ningekwambia bila kuulizwa. Hajafa, na wewe unauliza." Alitazama nje, ambako sista mmoja alikuwa akisukuma theluji kwa koleo. "Hakuzikwa. Utamzikaje mtoto aliyenona vile? Nilimbeba mimi mwenyewe mpaka stesheni. Njia nzima alininyonya kidole."

Delphine alimkodolea macho.

"Usinitolee macho hayo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilitumwa, nikaenda. Mama yako alikuwa na homa ya matumbo. Alikuwa hajui hata yuko nyumba gani, anaongea na ukuta. Padri alishampaka mafuta. Sote tulikuwa tunangoja tu afe. Ndipo akaja baba yako mkubwa, Philias, kutoka Marekani, kutoka viwanda vya pamba, yeye na mkewe Clarisse, kuja kumuaga. Clarisse alikuwa ametoka kuzika mtoto wake juzijuzi, kifua kimejaa maziwa mpaka gauni limelowa. Na kitandani kuna kichanga kinalia hakuna wa kukinyonyesha. Ungefanya nini wewe mwalimu?"

"Wakamchukua."

"Clarisse alimnyonyesha, basi. Walipoondoka, wakaondoka naye. Halafu mama yako akakataa kufa." Eulalie alisema hivyo kwa hasira kidogo, kama mtu aliyevurugiwa hesabu. "Alipofumbua macho na kuuliza mtoto, baba yako alitoka akaenda zizini. Bibi yako ndiye aliyeingia kumwambia kafa. Clarisse alishaleta habari kwamba akinyang'anywa mtoto atajitupa kwenye mfereji wa kiwanda. Bibi akasema: huyu bado kijana, atazaa wengine, yule hazai tena. Akawa ameshahukumu."

"Na nyote mkanyamaza."

"Wewe ulikuwa hujazaliwa. Sisi ndio tulionyamaza." Akaokota karata zake. "Na ulipozaliwa wewe, nikaambiwa nikushike kwenye maji, na jina likawa lilelile. Zamu yako, cheza."

Hakucheza. Usiku huohuo aliamua kwenda Lewiston, ng'ambo ya mpaka wa Marekani, mji ambao nusu ya parokia ilihamia enzi za viwanda. Alimdanganya mama yake kwamba anakwenda kumwona mwalimu mwenzake aliye mgonjwa, akamnong'oneza Jeannine wa Rosaire anakokwenda na kumwomba aje kukaa naye. Barabarani, ndani ya gari lake dogo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa na furaha, na aliiogopa. Dada! Alijaribu kutunga maneno. Angesema nini mlangoni? Mimi ni Delphine? Na yule angejibu nini, mimi pia? Alicheka peke yake kwenye usukani, kisha akafuta macho kwa glavu.

Alifika Jumapili, akasimama nje ya kanisa la Wafaransa kungoja Misa itoke. Wazee watatu waliotoka wakivuta kiko aliwauliza habari za Philias Thibierge. Hawamjui. Philias Sanschagrin? Walitazamana. Kuna Philias Chagrin, alisema mmoja, wa kiwanda cha mashuka, alikufa zamani. Mwanawe wa kike ndiye aliyeolewa na Gédéon Fecteau. Nyumba ile pale, ngazi za nje, ghorofa ya tatu.

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba kiwandani karani fulani aliliona jina refu akakata mwanzo wake, na Asiye na Majonzi akabaki Majonzi. Hakuwa na muda wa kulifikiria. Alipanda ngazi.

Aliyefungua mlango alikuwa mzee mrefu aliyevaa kanda za suruali juu ya fulana. Alimtazama Delphine, na mkono wake ukatafuta fremu ya mlango.

"Mungu wangu," alisema kwa Kifaransa cha zamani, kile cha bibi zake Delphine. "Ingia. Ingia kabla jirani wa chini hajaanza kupiga kelele kwamba Della kafufuka."

Kwa maneno hayo Delphine alijua. Hata hivyo aliuliza, kwa sababu mtu akishafika mbali kiasi kile lazima aulize.

"Yuko wapi?"

"Kaa kwanza, mama."

"Yuko wapi?"

"Ni mwaka wa tatu huu. Mapafu. Ile pamba, ukiivuta miaka thelathini..." Gédéon alivuta kiti, akakipangusa kwa kiganja ingawa kilikuwa safi. "Wewe ndiye yule mwingine."

"Alijua nipo?"

Gédéon aligeukia jiko. Aliweka birika motoni, akatafuta vikombe, akavipata, akavitafuta tena. Ukutani kulikuwa na picha ya arusi, na ndani yake Delphine alijiona mwenyewe akiwa amevaa shela, ameshika mkono wa mwanamume, akicheka. Hakuwahi kucheka hivyo kwenye picha yoyote.

"Clarisse alimwambia alipokuwa anakata roho," Gédéon alisema hatimaye. "Mama yako mzazi yuko Saint-Alphée, mzima, nilikunyonyesha lakini sikukuzaa. Hivyo tu, akafa. Ilikuwa mwaka wa hamsini. Della alilia wiki nzima, halafu akasema anakwenda. Nikamwambia nikusindikize. Akasema hapana, mara ya kwanza nataka kwenda peke yangu. Alishona koti jipya, la kijani. Akapanda garimoshi."

"Mwaka wa hamsini," alirudia Delphine. "Hakufika. Ningejua."

"Alifika."

Maji yalichemka, wala hakuna aliyeinuka.

"Alifika Jumapili, kama wewe leo," alisema Gédéon. "Watu walikuwa ndani ya Misa. Akasema atangoja nje, wakitoka atauliza. Walipotoka alimwuliza mwanamke mmoja: Alphonsine wa Onésime ni yupi? Akaonyeshwa. Yule pale, mwenye kofia nyeusi. Della alianza kumfuata. Alikuwa nyuma yake, karibu kabisa, aliniambia angeweza kumgusa bega. Na alikuwa anafikiria aseme nini. Basi mama yenu akageuka, akaita: Delphine! Njoo, tutachelewa!"

Gédéon alishika kingo za meza.

"Yeye alikuwa Della kwa watu wote. Jina lake lenyewe alilijua kutoka kwa Clarisse tu. Akalisikia kinywani mwa mama yake. Aliniambia, Gédéon, nilidhani kanitambua. Nilidhani ndiyo damu hiyo. Nikafungua mdomo kuitika. Na hapo ukapita wewe, mama. Ulitoka nyuma yake, ukampita, ukamshika mama yako mkono, mkaondoka."

Delphine alijaribu kukumbuka. Alitafuta kichwani mwake koti la kijani, uso unaofanana na wake, mtu aliyesimama njiani mdomo wazi. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa Jumapili kama Jumapili zote. Labda alikuwa akiwaza nyama iliyoachwa motoni.

"Kwa nini hakusema?" aliuliza. "Kwa nini hakusema hata neno moja?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Aliniambia: ningesema mimi ni nani? Jina walishampa mtu. Alijua desturi, mama, huku pia tulikuwa nayo. Jina hupewa mwingine mwenyewe akishakufa. Akaona kwamba kwao yeye ni maiti, na walishamaliza kulia. Alirudi na garimoshi la jioni. Lile koti alimpa dada yangu, hakulivaa tena." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini hakuwa mtu wa kununa, usifikiri. Alikuwa anaimba. Alinipigia kelele kila asubuhi kwa sababu ya viatu vyangu vya matope. Tuna binti, Lorraine, muuguzi. Atafurahi kukuona."

Delphine alimwomba ampeleke makaburini. Huko, juu ya jiwe la kijivu, aliona: Della, mke wa Fecteau, binti Chagrin. Alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Alipoagana na Gédéon alimwalika kwenye mkutano wa ukoo, mwezi wa saba, yeye na Lorraine, na akamwahidi kwamba jina la Della litakuwepo na watu watalisikia. Aliahidi kwa moyo wote. Bamba la shaba lilikuwa limemtoka kabisa akilini.

Njia nzima ya kurudi aliapa hatamwambia mama yake. Mwanamke wa miaka sabini na minane, kwa faida gani? Acha afe na kichanga chake mbinguni. Alifika akamshukuru Jeannine, akavua viatu, akaenda kumwamkia mama chumbani. Alphonsine alikuwa ameketi kitandani, nywele zimefunguliwa, anamtazama.

"Yuko hai?" aliuliza mama.

Delphine alishika nguzo ya kitanda. "Nani?"

"Jeannine hajui kufunga mdomo. Umevuka mpaka. Hakuna mwalimu mgonjwa Lewiston. Nakuuliza, yuko hai?"

"Ulijua," alisema Delphine. "Ulijua siku zote."

"Niliinuka kitandani nikakuta nyumba iliyozika mtoto, na mama mkwe wangu hakuvaa nyeusi hata siku moja. Eulalie ananikimbia. Baba yako hawezi kuniangalia. Mimi si mjinga, mwanangu. Kisha nikasikia Clarisse ana mtoto."

"Na hukwenda kumchukua!"

"Niende na nini? Nilikuwa sijajua kutembea vizuri baada ya ile homa, na mimba yako iko tumboni tayari. Nilijiambia, ngoja huyu azaliwe. Halafu ngoja huyu aache ziwa. Halafu akaja Ludger." Alikuwa akisema polepole, bila machozi. "Mtu anangoja mpaka anakuta amezeeka."

"Na jina? Kama ulijua yuko hai, kwa nini ulikubali nipewe jina lake?"

Alphonsine alilaza mikono yake juu ya blanketi.

"Bibi yako ndiye aliyetaka, ili mambo yaonekane sawa mbele ya watu. Nikasema vizuri, mwiteni hivyo. Nilitaka baba yako alitamke jina hilo kila siku ya maisha yake. Delphine, lete mkate. Delphine, funga mlango. Nilikuwa namtazama mdomo. Miaka yote ile hakulitamka hata mara moja bila kumeza mate kwanza."

Delphine alikumbuka baba yake: yale mapumziko madogo kabla ya kumwita. Siku zote alidhani ni mapenzi.

"Na mimi?" aliuliza.

"Na wewe nini?"

Mama yake aliuliza kwa kweli. Hakuwa na ukali; alikuwa hajaelewa swali. Kwa miaka hamsini na mitano jambo hilo halikuwa limempitia. Na hapo ndipo kitu kilipovunjika ndani ya Delphine, yeye ambaye hakuwahi kumpandishia mama yake sauti.

"Alikuja," alisema. "Mwanao alikuja. Alisimama nyuma yako mlangoni pa kanisa, mwaka wa hamsini, amevaa koti jipya alilokushonea. Uliita Delphine, akadhani unamwita yeye. Alifungua mdomo kukuitika, halafu nikaitika mimi. Akarudi kwao. Amekufa, Mama. Amekufa mapafu kwa pamba, mwaka wa tatu huu, na alikufa akijua kwamba kwako alikufa zamani. Umefurahi? Baba alimeza mate. Na yeye alimeza nini?"

Alisikia maneno yakitoka, mengine yakiwa yamenolewa zaidi ya yalivyosemwa Lewiston, na hakuweza kuyasimamisha. Alphonsine alikuwa amefumbua mdomo kidogo. Kisha alijilaza, taratibu, akageukia ukuta, akajifunika shuka mpaka sikioni.

"Mama. Mama, nisamehe."

Tangu siku ile Alphonsine hakula tena kwa mdomo wa kutaka kula. Delphine alimpikia supu ya njegere, maziwa yenye mkate, sharubati tamu ya utomvu wa mti iliyochemshwa msimu huohuo, ile ya kwanza, nyeupe, ambayo mama yake alikuwa akiisubiri kila mwaka. Aliweka kijiko midomoni, na midomo ikafunga. Daktari alisema ni umri. Padri alikuja, na Alphonsine alimpokea, akaungama, akapewa Komunyo, na kwa Delphine hakusema kitu. Hakumwita tena kwa jina, hilo wala lingine. Akitaka maji aligonga bilauri kwa kucha. Delphine alikuwa akilala kwenye kiti sebuleni, akisikiliza kucha ile, akikimbia kabla haijagonga mara ya pili. Aliomba msamaha asubuhi, akaomba jioni. Barafu ya Mto ilipokatika na kuanza kuteremka, mama yake alikufa, uso ukiwa ukutani bado.

Watu walimsifu Delphine kwa jinsi alivyomtunza. Aliwapa mikono wote.

Mwezi wa saba ukoo ulikutana. Walikuja kutoka Montréal, kutoka misituni Abitibi, kutoka Marekani, Thibierge na Sanschagrin, watoto wakikimbia kati ya mahema, fidla mbili zikishindana. Delphine alikataa kukaa mbele. Alifunga aproni akaingia jikoni kwenye ukumbi wa parokia, na kutoka huko, kupitia dirishani, ndipo alipomwona Gédéon Fecteau akishuka kwenye gari amevaa suti, na mwanamke wa miaka thelathini kando yake mwenye shingo ya Alphonsine.

Aliacha kisu, akatoka. Lakini kwenye ukuta wa kanisa kitambaa kilichofunika bamba kilikwisha kuvutwa na watu walikuwa wakipiga makofi. Gédéon alikuwa mbele, amevua kofia, anatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta jina la mtoto wake kwenye matokeo ya mtihani. Kidole kikasimama.

Delphine alimkimbilia Rosaire. "Lile jina! Nilikwambia baada ya maziko ya Mama, nilikwambia fundi abadilishe!"

"Binamu, shaba ilishamwagwa tangu mwezi wa nne. Nikaifute kwa ulimi?" alinong'ona Rosaire. "Nani anasoma hayo?"

Lorraine, ambaye hakujua Kifaransa cha kusoma, alikuwa akimuuliza baba yake imeandikwa nini. Mzee hakumjibu. Alimgeukia Delphine aliyekuwa amesimama pale na aproni yake.

"Mchanga," alisema. "Wameandika alifariki akiwa mchanga."

"Nilikuwa sijajua. Niliandika kabla sijajua, nakuapia—"

"Wewe ndiye uliyeandika?"

Angeweza kusema hapana. "Mimi," alisema.

Gédéon aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Hakuonekana na hasira. Alionekana mtu aliyechoka safari. "Nilimwambia Lorraine tunakuja kumleta mama yake nyumbani," alisema. Alivaa kofia, akamshika binti yake kiwiko, wakapita katikati ya watu waliokuwa wakipiga picha. Delphine aliwafuata hadi barabarani, akiita, "Gédéon! Lorraine!" Lorraine aligeuka mara moja, akamtazama mwanamke huyu asiyemjua mwenye uso wa mama yake, akasema kitu kwa Kiingereza ambacho Delphine hakukielewa, kisha mlango wa gari ukafungwa.

Vumbi la barabara lilichukua muda kutua. Nyuma yake fidla zilikuwa zimeanza upya, na kutoka dirisha la jikoni Jeannine alikuwa akimpigia kelele kwamba foleni imefika hadi getini na mkate uliokatwa umekwisha, anafanya nini huko juani. Delphine alisimama kidogo zaidi. Halafu akarudi ndani, akachukua mkate, akaanza kukata.